Mwaka wa kwanza wa kufundisha Kiswahili umeniacha na deni kwa wanafunzi wangu. Naanzaje wa pili?

Mwalimu_wa_Bwera (mwanzilishi wa uzi), 9 Desemba

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari za likizo.

Naandika nikiwa nyumbani Bwera, karibu na soko la Mpondwe, baada ya kumaliza mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha katika shule moja ya sekondari upande wa Gulu. Nilipewa mikondo miwili ya kidato cha kwanza, Sinia wani kama tunavyosema hapa Uganda, mmoja wenye wanafunzi 94 na mwingine 88, na vitabu vya kiada 15 vya kugawana kati ya mikondo yote miwili. Uhaba huo sikuuleta mimi na sitautaja tena. Nimekuja kueleza lile nililolifanya kwa mikono yangu.

Nilifika na kanuni kwamba katika kipindi cha Kiswahili hakuna neno la Kiacholi, lugha ya nyumbani ya wanafunzi wangu, litakalosemwa wala kuandikwa. Sikuitunga mimi. Ndiyo niliyokulia, kwa maana shuleni kwetu aliyekamatwa akisema Kikonzo, lugha yetu ya nyumbani, alivikwa kibao shingoni mpaka ampate mwingine wa kumrithisha. Darasani kwangu, aliyeponyokwa na neno la kwao nilimpigisha magoti karibu na mlango hadi kengele ilie. Kisha lilikuwapo suala la matamshi. Kiacholi hakina sauti za s, z wala sh katika maneno yake ya asili, kwa hiyo mtoto anayesoma "shamba" husema "chamba", na "sisi" ikatoka "chichi". Nilikuwa nikimrudisha mtu kwenye neno moja mara tano, mara sita, wenzake wakicheka, nami nikiamini kwamba huko ndiko kufundisha kwa bidii.

Kufikia katikati ya muhula wa pili darasa lilikuwa limenyamaza, nami nikauchukua ukimya ule kuwa nidhamu. Madaftari yalikuwa safi na kila nilichoandika ubaoni kilinakiliwa hadi nukta. Nilipotoa mtihani wa mwisho wa muhula, wenye sentensi kumi za kugeuzwa kutoka umoja hadi wingi, waliopata nusu katika mkondo wa wanafunzi 94 walikuwa 11.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba bibi yake alimwuliza kwa nini shule inafundisha lugha ya watu waliokuja usiku na bunduki. Nilimjibu kwa haraka kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na kwamba mtaala mpya wa mwaka 2020 umekifanya cha lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Yote hayo ni kweli, ila bibi hakuwa ameuliza habari za Katiba.

Mwezi wa Novemba nilikusanya madaftari ili nikamilishe alama za mwaka. Katika daftari la binti mmoja anayekaa safu ya nyuma, mtoto ambaye sikumbuki kama niliwahi kuisikia sauti yake, niliona pembeni mwa ukurasa maandishi ya penseli yaliyofutwa kwa nguvu hadi karatasi ikachubuka. Niliinua ukurasa kuelekea dirishani, nikasoma:

lapwony, lupwonye: mwalimu, walimu
latin, lutino: mtoto, watoto
lapur, lupur: mkulima, wakulima

Alikuwa amegundua peke yake kwamba Kiacholi kina *la-* inayogeuka *lu-* kwa watu wengi, kama Kiswahili kinavyogeuza *m-* kuwa *wa-*. Kile nilichokihubiri kwa miezi tisa bila mafanikio, mtoto huyu alikipata kupitia mlango ambao mimi niliufunga kwa kufuli. Nilimwita ili nimsifu. Alipoliona daftari lake limefunguliwa kwenye ukurasa ule, alikwenda moja kwa moja kando ya mlango akapiga magoti kabla sijasema neno.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mwezi wa Februari nitakutana na watoto hawa hawa wakiwa kidato cha pili, na huo ndio mwaka wa mwisho ambao Kiswahili ni lazima kwao, kwa hiyo nisiporekebisha sasa, wengi wataliacha somo hili mara tu watakapopewa nafasi ya kuchagua. Mliopita njia hii, naomba mnieleze mlivyoanza upya na watoto ambao tayari wanawajua kwa ubaya.

---

Chaki_Nyeupe, 9 Desemba

Mdogo wangu, marahaba. Mimi nafundisha hisabati huku Lira, huu ni mwaka wangu wa 19, na somo lako silijui kwa undani, lakini watoto wa aina hiyo nimewafundisha wengi.

Kabla sijakushauri nikuulize jambo moja. Wewe umetoka Bwera, na watu wa huko niliokutana nao husema "batoto" na "bantu" kama Wakongo wa ng'ambo ya mpaka. Ni nani aliyekufundisha kusema "watoto", na alifanyaje?

---

Mwalimu_wa_Bwera, 9 Desemba

Kaka, swali hili limenikalisha chini.

Alikuwa mwalimu wangu wa Kiswahili, mama mmoja mtulivu. Nilisimama darasani nikasema "batoto bale banacheza", na nilipoona wenzangu wanacheka nikataka kukaa. Aliniambia nibaki nimesimama. Akaandika ubaoni *ba-* upande mmoja na *wa-* upande wa pili, akasema kwamba kwetu nyumbani tunasema *abaana* na huku tunasema *watoto*, kwa hiyo nusu ya kazi nimekwisha kuimaliza na iliyobaki ni kubadilisha herufi moja. Nilikaa nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kitu.

Sijui ni kwa nini jambo hili sikulikumbuka mwaka mzima.

---

Chaki_Nyeupe, 10 Desemba

Hukulikumbuka kwa sababu ulikuwa na hofu, na mwalimu mwenye hofu hushika kile kilichomtisha yeye akiwa mtoto kwa kuwa ndicho kilicho karibu na mkono. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kwa kuutazama ubao tu, kwa maana nikigeuka nilikuwa nakutana na macho ya watoto wasionielewa. Kilichoniokoa ni mwalimu wa jiografia aliyeniruhusu kukaa nyuma ya darasa lake mara moja kwa wiki. Somo halikuwa langu, na hiyo ndiyo faida yenyewe, kwa kuwa macho yangu hayakufuata habari za mito na milima bali yalimfuata mtoto: nani ameelewa, nani anaigiza, na mwalimu ametambuaje. Tafuta mtu kama huyo hapo shuleni kwako. Ukimkosa katika idara ya lugha, nenda hata kwa mwalimu wa kilimo.

Kuhusu yule binti, usimwombe radhi kwa hotuba mbele ya darasa, utamwongezea mzigo. Mrudishie daftari lake, na maneno yale uyaandike ubaoni siku ya kwanza, kwa chaki, kwa mkono wako.

---

Mwalimu_Busia, 10 Desemba

Naheshimu yaliyosemwa, lakini naomba nipinge kidogo. Mimi nafundisha Busia, na nikiruhusu lugha ya nyumbani darasani, kipindi cha dakika 40 kinaliwa chote na lugha ya nyumbani. Mtoto huzungumza ile iliyo rahisi. Mtihani wa Kiswahili utakuja kwa Kiswahili, na baraza la mitihani halitamwuliza mtu *lapwony* ni nini. Kupigisha magoti ni kosa, nakubaliana. Hata hivyo, kosa lilikuwa katika adhabu, na lengo la kumfanya mtoto azungumze Kiswahili lilikuwa sahihi. Mwalimu mgeni asitoke upande mmoja wa barabara akaangukia mtaro wa upande wa pili.

---

Mama_wa_Praimari, 10 Desemba

Mwanangu wa Busia, nakusikia, ila nadhani unamfikiria mtoto wako wa mpakani ambaye Kiswahili anakisikia kila siku kwa madereva wa malori. Mimi nafundisha praimari huku huku Acholi, na watoto hawa ndio ninaowapokea mwanzo. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, katika shule za vijijini tunawafundisha kusoma kwa lugha yao kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, la nne ndipo tunapovukia Kiingereza. Kwa hiyo anapofika sekondari, Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, na wengi hawajawahi kukishika katika maandishi. Lugha aliyojifunzia kusoma ndiyo anayofikiria nayo, upende usipende. Ukimkataza kuiandika hataacha kuitumia, ataificha tu kama alivyofanya binti huyu.

Kidato cha pili si mbali, mwanangu wa Bwera. Mtoto wa miaka 14 husamehe upesi kuliko sisi, mradi aone kwamba jambo limebadilika kweli.

---

Mzaliwa_wa_Kitgum, 11 Desemba

Nataka kulizungumzia swali la bibi, maana naona wengine wamelipita.

Mimi nilikulia katika kambi ya wakimbizi wa ndani wakati wa vita vya huku kaskazini, kama watoto wengi wa kizazi changu. Kiswahili cha kwanza nilichokisikia ni amri za wanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Sikujua maana ya maneno, nilijua tu kwamba mama aliyasikia akashusha mzigo kichwani. Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na jambo hilo lilinichukua miaka. Kwa hiyo bibi huyo hajakosea, anasema alichokishuhudia, na mwalimu kijana akimjibu kwa Katiba anakuwa amemwambia kwamba alichokiona hakina uzito.

Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu wakawaulize wazee wao ni maneno gani ya Kiswahili wanayoyajua na waliyasikia wapi. Mengine hurudi mazito, na tunayapokea hivyo hivyo. Kisha naandika yale ambayo Kiacholi na Kiswahili tayari vinashirikiana, kama *cawa* na saa, *meja* na meza, *dukan* na duka. Hayo ni ya sokoni na jikoni. Mtoto anaona kwamba lugha hii iliingia nyumbani kwao kwa milango mingi, na mmoja tu kati ya hiyo ndio ule wa bunduki.

---

Arua_Kaskazini_Magharibi, 11 Desemba

Nawasalimu wote. Tatizo la huku kwetu ni kinyume cha la Gulu. Watoto wengi wa Arua mjini hufika wakijua maneno ya Kiswahili cha sokoni, na ujasiri wa kuzungumza wanao, lakini watasema "mtoto yangu" na "watu yote", kwa kuwa sokoni upatanisho umeachwa na mambo yanakwenda bila huo. Naleta habari hii kwa sababu nahisi mwenzetu atagongana na ukuta huo huo hatua moja mbele. Ile *la-* na *lu-* ya Kiacholi itamfikisha kwenye *mtoto* na *watoto*, kisha itamwacha hapo, kwa maana haiendi kugusa kivumishi, kiwakilishi na kitenzi. "Watoto wangu wadogo wawili wanacheza" ina *wa-* tano, na kwa mtoto asiye Mbantu nne kati ya hizo hazina sababu.

Ninachofanya mimi ni kuitoa sentensi kwenye ubao na kuivalisha watu. Wanafunzi watano husimama mstari mbele, kila mmoja na kadi yake: *mtoto*, *wangu*, *mdogo*, *mmoja*, *anacheza*. Nyuma ya kila kadi kuna umbo la wingi. Wa kwanza akigeuza kadi, wengine wote wanatazama yao na kuamua kama nao wageuze. *Wangu* hageuzi, na hapo ndipo darasa hulipuka, kwa maana huwa wanamshurutisha ageuze. Mjadala huo mmoja hufanya kazi kuliko kurasa tatu za jedwali la ngeli.

---

Mratibu_wa_Masomo, 12 Desemba

Niseme machache kama mtu anayesimamia walimu wapya. Kwanza, kupigisha magoti na kiboko vyote viachwe bila kujadiliana, kwa kuwa sheria ya watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya mwili shuleni. Pili, kicheko cha darasa nacho ni adhabu, na mwalimu ndiye anayekiruhusu. Tatu, weka daftari lako mwenyewe la makosa. Kila siku andika kosa moja walilolifanya wengi na lile unalodhani lilikuwa nyuma yake, mistari miwili inatosha. Azimio la kazi litakuonyesha ulipopanga kufika, lakini daftari hilo litakuonyesha watoto walipo.



---

Mwalimu_wa_Bwera, 23 Februari

Nimerudi, na asanteni nyote. Niliyasoma majibu yenu likizo nzima, mengine nikayanakili.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni maneno yale matatu ya binti, kwa mpangilio aliouandika yeye, bila kumtaja. Darasa lilinyamaza kwa namna nyingine. Mvulana mmoja akauliza kwa Kiingereza kama ni mtego. Nikamjibu kwamba si mtego, na kwamba mwaka jana nilikosea kuwakataza, kisha nikaendelea na somo. Nikauliza nani ana jozi nyingine. Hakuna aliyenyanyua mkono kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Hatimaye mmoja akasema *lakwo, lukwo*, mwizi na wezi, na darasa likacheka, safari hii wakicheka pamoja naye. Nikaona kwamba "mwizi" na "wezi" ni mfano mgumu ambao nisingeutoa mimi siku ya kwanza, lakini ndio aliouleta, kwa hiyo tuliufungua pale pale jinsi *wa-* na *i-* zinavyoungana kuwa *we-*.

Ndugu wa Busia, hoja yako nimeibeba pia. Tumekubaliana kwamba Kiacholi kitumike wakati wa kutafuta na Kiswahili wakati wa kutoa jibu. Wanaweza kujadiliana kwa lugha yao wakiwa wawili wawili, lakini anayesimama anasimama na sentensi ya Kiswahili, hata ikiwa imevunjika. Kwa wiki ya kwanza dakika ziliponyoka kama ulivyosema. Wiki ya tatu zilianza kurudi.

Kila Alhamisi nakaa nyuma ya darasa la mwalimu wa kilimo. Ana tabia ya kumwuliza mtoto swali, kisha anahesabu kimya kwa vidole nyuma ya mgongo wake hadi kumi kabla hajamsaidia. Nilijipima mimi nikagundua kwamba huwa nasubiri hadi mbili.

---

Mwalimu_wa_Bwera, 3 Mei

Muhula umefungwa jana. Kadi za Arua nilizikata kwenye maboksi ya sabuni, na ugomvi juu ya *wangu* ulitokea kama ulivyotabiriwa: wanafunzi walimzunguka mwenye kadi hiyo wakimwambia "geuza, geuza", naye akashikilia, na alipoulizwa sababu akasema kwamba "wangu" lina *wa-* tayari. Aliyeishika kadi hiyo ni yule binti wa safu ya nyuma. Bado hazungumzi sana, na alisema maneno hayo akiitazama kadi, lakini aliyasema kwa sauti ya kunifikia.

Jaribio la mwisho wa muhula lilikuwa la sentensi kumi kama lile la mwaka jana. Katika mkondo ule, ambao sasa una 89, waliopata nusu au zaidi ni 52. Waliobaki ni 37, na daftari langu la makosa linaonyesha kwamba karibu wote huanguka mahali pamoja, penye ngeli ya M-MI, kwa kuwa nimewazoesha kuona *m-* na kukimbilia *wa-*. Wanaandika "wati warefu" badala ya "miti mirefu". Hilo nimelisababisha mimi kwa kukaa muda mrefu mno kwenye watu, na ndilo nitakaloanza nalo.

Swali la bibi nililifuata kama alivyoshauri mzaliwa wa Kitgum. Waliwauliza wazee wao na walirudi na mambo ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa si yangu. Bibi mwenyewe alimtuma mjukuu wake na neno moja, *kuni*, akisema hilo alilipata kwa mwanamke aliyekuwa akiuza kuni naye sokoni zamani.

Dada au kaka wa Arua, kwa M-MI unatumia watu kwenye mstari vile vile, au una njia nyingine? Mti hauchezi wala hauendi sokoni, na nimeshindwa kupata vitenzi vitano vinavyoufaa.

---

Arua_Kaskazini_Magharibi, 4 Mei

Unaanguka, unakauka, unachipua, unazaa, unakatwa, unatikisika. Watoe darasani uende nao chini ya mwembe wa shule, kadi zifungwe kwa kamba kwenye matawi. Usianze na *mti* peke yake, changanya kadi za *mtoto* na *mti* kwenye fungu moja na uwaache wazitenganishe wenyewe kabla hujawaambia kwamba ni ngeli mbili. Zangu nitazipiga picha Jumatatu nikifika shuleni, nitaziweka hapa.